Filta ya tangi dogo la chumbani: jua kwanza kelele inatoka wapi

Ndugu, umesema tangi lako la samaki ni la lita 40, liko chumba cha kulala, filta inanguruma usiku na sasa umeanza kuizima ukipanda kitandani. Unataka kujua ununue filta gani iliyo kimya. Nitajibu kwa urefu, maana mimi nalala chumba kimoja na samaki kwa miaka mingi na filta za aina karibu zote nimeshazitumia.

Kwanza hilo la kuzima usiku, tafadhali liache leo. Kunasa uchafu unaoonekana ni sehemu ndogo tu ya kazi ya filta. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi. Bakteria hao wanahitaji oksijeni saa zote. Maji yakituama ndani ya filta iliyofungwa usiku kucha, oksijeni inaisha, bakteria wanaanza kufa, na asubuhi ukiwasha maji hayo machafu yanarudi yote kwa samaki. Tangi dogo halina maji ya kutosha kuipunguza nguvu sumu hiyo. Samaki wakianza kuhemea juu ya maji, ujue hali imeshakuwa mbaya.

Tuje kwenye kelele. Usitoe hela kabla hujaitambua. Chumba kikiwa kimya, weka kiganja juu ya filta au pampu, kisha iinue taratibu ikae mkononi bila kugusa kitu chochote. Ngurumo ikipotea, basi pampu yako ni nzima na kinacholia ni meza. Kabati la mbao lililo tupu ndani linapokea mtetemo mdogo na kuukuza kama ngoma. Watu wengi wanabadilisha pampu hadi ya tatu wakati kipande cha sponji nene chini yake kingemaliza shida. Ngurumo ikibaki vilevile mkononi, hapo tatizo liko ndani ya chombo chenyewe.

Kama filta yako ni ile ya kuning'inia nyuma ya tangi, sikiliza kama ni maji au mota. Maji yakipungua kwa kukauka, yale yanayorudi yanaanguka kutoka juu na kuchuruzika usiku kucha. Jaza tangi mpaka maji yakaribie mdomo wa filta na sauti hiyo inakwisha papo hapo. Ikiwa ni sauti ya kusaga, chomoa umeme, fungua chini uitoe impela, kile kisumaku chenye mapezi madogo. Mara nyingi utakuta ute wa kahawia umejikunja kwenye ekseli yake, au chembe moja ya mchanga imeingia kwenye tundu. Sugua impela na tundu lake kwa mswaki uliostaafu, bila sabuni kabisa, suuza, rudisha. Ekseli ikiwa imepinda au kuvunjika, nunua impela tu kama inapatikana, huna haja ya filta nzima.

Filta ya kuzama ndani ya tangi huwa na utulivu kwa sababu maji yanaimeza sauti ya mota. Ubaya wake ni vile vinyonyo vya mpira vinavyoishika kwenye kioo: vikikakamaa, mwili wa filta unagusa kioo na kioo chote kinaanza kuvuma. Pia angalia kama ina kijimpira cha kuvuta hewa. Hicho kinatoa sauti ya kufoka, na unaweza kukifunga mradi uso wa maji bado unachezacheza. Filta kubwa za nje, za kukaa chini kabatini, zikishatoka hewa yote ni kimya mno, lakini kwa lita 40 naona ni gharama na mipira mingi bila sababu.

Mimi kwa tangi kama lako ningechukua filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na nasema hivyo nikijua wengi wanaikimbia kwa sababu ya sifa mbaya ya kelele. Sifa hiyo inatokana na jinsi inavyofungwa. Ndani ya maji haina mota, haimezi vifaranga wala uduvi, na sponji lake lina nafasi kubwa ya bakteria. Kelele zake ni mbili tu. Ya kwanza ni mapovu makubwa yanayopasuka juu, blub, blub. Chomeka jiwe dogo la hewa, lile lenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa, kwenye ncha ya mpira wa hewa, ndani ya bomba la sponji, mapovu yanakuwa membamba na sauti inageuka kuwa mnong'ono. Ya pili ni pampu. Iweke juu ya sponji nene au ining'inize, isiguse ukuta, na mpira wake usilalie ukingo wa kabati. Ikikaa chini ya usawa wa maji, lazima uweke valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanaweza kufuata mpira hadi kwenye pampu. Waya wa umeme nao uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni.

Usinunue pampu kubwa kisha ukaibana kwa valvu ili ipunguze hewa. Ukiibana, kiwambo chake cha mpira kinafanya kazi kwa shida, kinanguruma zaidi na kuchakaa mapema. Chukua ndogo inayolingana na kina cha tangi lako. Namba za desibeli zilizo kwenye boksi nisingezitegemea sana, kwa kuwa mara nyingi hazisemi zimepimwa umbali gani, na hazijui pampu itakaa juu ya nini.

Kwa filta za mota, wafugaji wengi hulenga mzunguko wa mara 4 au 5 ya ujazo kwa saa, yaani lita 160 hadi 200 kwako. Kama unafuga samaki aina ya beta mwenye mapezi marefu, nenda chini ya hapo, anachoka kupigana na mkondo.

Ukishanunua mpya, ya zamani usiitoe. Ziache zote mbili zifanye kazi pamoja wiki 4 hadi 6 ili bakteria wahamie, na sponji la zamani ulikamulie juu ya jipya kuharakisha. Kuosha, tumia maji uliyoyatoa tangini, kwani klorini ya bombani inaua bakteria.

Fanya lile jaribio la kuinua kwa mkono usiku wa leo, kisha utuambie filta yako ni ya aina gani na sauti imebaki au imepotea. Kama ni pampu ya hewa na bado inanguruma ikiwa mkononi, ifungue utazame kiwambo: kikiwa na ufa au kimelegea, hicho ndicho cha kubadilisha kwanza.