Maswali ya Wasomaji: Siku ya mazoezi alipie nani?

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe chetu kipo Mwanga, Kigoma. Kwenye mkutano wa mtaa kijana mmoja alisimama akasema halmashauri itenge fedha za kuwafundisha zimamoto, polisi na wauguzi namna ya kukabili shambulio la kigaidi, kama Marekani wanavyofanya kwenye majiji yao. Watu wakamcheka. Mzee mmoja akauliza gaidi atafuata nini Kigoma, hela zichimbe mitaro. Nami nilicheka, ila usiku sikulala vizuri. Je, ni kupoteza fedha? Na sisi wa bodaboda tunaingiaje hapo?*

Marahaba mwanangu. Nimefanya uuguzi miaka 31, mingi kati ya hiyo kwenye chumba cha dharura, na sijawahi kupokea majeruhi wa bomu. Nimepokea wa basi, wa boti, wa moto wa petroli. Nianzie hapo, maana ndipo ninapopajua.

Usiku mmoja tuliletewa majeruhi wa basi lililopinduka. Wa tatu kufika aliletwa kwa pikipiki, kabanwa katikati, dereva mbele na mtu wa kumshikilia nyuma. Paja lake lilikuwa limefungwa kanga mpya, bado ngumu kwa wanga wa dukani. Aliyemfunga alikuwa na huruma, alizungusha mara tatu akapiga fundo kama la mzigo wa kuni. Lakini damu ya mshipa mkubwa haizuiwi kwa kufunikwa. Kanga ilinyonya mpaka ikawa nzito, fundo likalegea njiani, na tulipomlaza kwenye machela midomo ilikuwa imeshapauka. Hatukumpata. Mshipa wa paja ukikatika mtu anaweza kuisha damu kwa dakika tatu mpaka tano, na kutoka pale basi lilipoanguka mpaka kwetu ni zaidi ya ishirini.

Usiku uleule akaja mwanamume mwingine, mguu umesagika chini ya goti, na huyo yu hai mpaka leo. Abiria mwenzake, mvuvi, alichana shati akalikunja likawa ukanda mpana, akafunga juu ya jeraha, akapenyeza kijiti kwenye fundo, akakizungusha hadi damu ikakatika, kisha akakifunga kijiti kisirudi. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema ndivyo wanavyokaza kamba za mizigo kwenye boti.

Kwa hiyo nakujibu moja kwa moja: si kupoteza fedha, mradi zimfikie huyo aliyefunga kanga. Na usimdharau mzee wa mitaro, anasema kweli kuhusu mitaro. Ila bomu, lori la mafuta na basi vinampa muuguzi kazi ileile: watu wengi kwa mpigo, wanavuja damu, wameungua, wamefunikwa, na ndugu wanapiga kelele mlangoni. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka pale Msamvu na watu zaidi ya 100 wakafa. Hapakuwa na gaidi. Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliangukia ziwani na wavuvi ndio waliotangulia kuifikia kwa mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka hai. Mmoja wa wavuvi hao, Jackson Majaliwa, baadaye aliingizwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ninafurahi kwamba aliajiriwa. Lakini alifunzwa baada ya tukio, na mimi nataka mvuvi wa Kibirizi afunzwe kabla.

Kuhusu Marekani, kijana wenu hakukosea. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, magaidi walipogongesha ndege kwenye majengo mawili marefu ya New York na wazimamoto 343 wakafa, waligundua jambo chungu. Polisi waliokuwa kwenye helikopta waliona jengo la pili linaelekea kuanguka wakatoa onyo, lakini wazimamoto wengi waliokuwa ndani hawakulipata, kwa sababu redio za polisi na za zimamoto hazikusikilizana. Tangu 2003 serikali kuu yao ina mfuko wa ruzuku kwa majiji yanayoonekana kuwa na hatari kubwa zaidi. Fedha hizo hununua vifaa, hulipia mafunzo na mazoezi ya pamoja, na hata humlipa mtu anayeshika zamu ya mwenzake aliyekwenda kufundishwa. Hilo la zamu lisome mara mbili. Kwetu muuguzi akienda semina wodi inabaki na mmoja, ndiyo maana matroni anakataa kumruhusu, na siwezi kumlaumu.

Hayo mazoezi yana matunda. Boston, tarehe 15 Aprili 2013, mabomu mawili yalilipuka kwenye mbio za marathoni. Watatu walikufa palepale, zaidi ya 260 wakajeruhiwa, wengine wakapoteza miguu. Lakini kila aliyefikishwa hospitali akiwa hai, alipona. Jiji lilikuwa limefanya mazoezi makubwa ya pamoja miaka iliyotangulia, na hospitali zake hazikukutana na polisi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Na pale barabarani miguu ilifungwa kwa mikanda na vipande vya nguo, mingi kwa mikono ya watu waliokuwa wamesimama tu kutazama mbio. Oktoba 2015 nchi ile ikazindua kampeni ya kufundisha raia wa kawaida kuzuia damu.

Walikosea pia, na tusiige kosa lao. Desemba 2012 Seneta Tom Coburn wa Oklahoma, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alitoa ripoti kali juu ya ruzuku hizo. Mji mdogo wa Keene, New Hampshire, uliomba gari la deraya na katika sababu zake ukataja tamasha lake la maboga. Gari linaonekana, linapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mafunzo hayapigiki picha nzuri, na yanasahaulika mkononi yasiporudiwa. Mkisikia Kigoma fedha zimepatikana, ulizeni kwanza ngapi ni za vyuma na ngapi ni za watu.

Sasa kwetu nani alipe? Hapa ndipo penye donda. Zimamoto na polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hospitali ya Maweni ni ya mkoa, iko Wizara ya Afya. Vituo vya afya ni vya halmashauri. Kila mmoja anaweza kuwa na kifungu chake cha mafunzo, kidogo au kikubwa, lakini siku ya kufanya wote pamoja haina mwenyewe. Hakuna bajeti inayosema: Jumamosi fulani gari la zimamoto litoke na mafuta yake, askari wazungushe utepe stendi ya Masanga, wanafunzi wa uuguzi wapakwe rangi nyekundu walale chini, bodaboda wawabebe, na Maweni ifungue mlango wa dharura na kuwapanga nani anaanza. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi mitaani. Mimi ningepeleka hoja kwenye kamati hiyo: kifungu kimoja, kila mwaka, kwa ajili ya siku hiyo moja. Mafuta, chakula, posho ya wanaobaki zamu, glovu na bendeji zitakazotumika. Ukilinganisha na bei ya gari moja, ni fedha ndogo.

Yapo mambo mawili ambayo ajali haifundishi na shambulio linayo. La kwanza, bomu la pili. Wapo wanaolipua kisha wakasubiri waokoaji wajae. Kwa hiyo mkimbeba majeruhi, ondokeni naye. Msikusanyike kupiga picha, na askari akisema rudi nyuma, rudi. La pili, wenye silaha kutojuana. Kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, polisi na wanajeshi walirushiana risasi wenyewe kwa wenyewe, na shambulio lililoua watu 67 likachukua siku nne kumalizwa. Hilo haliponi kwa bunduki mpya. Linapona kwa watu kufanya mazoezi pamoja mpaka wakajuana sauti.

Na ninyi wa kijiweni? Ninyi ndio gari la wagonjwa la mji huu, upende usipende. Jeraha la mkononi au mguuni linalotoa damu kwa kasi: bonyeza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, uzito wote wa mwili juu yake. Likiwa shimo, jaza kitambaa ndani mpaka lijae, ndipo ubonyeze. Damu isipokoma, chana kanga ukunje ukanda wa upana wa vidole vitatu, funga vidole vinne juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, usifunge kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe, weka kijiti, zungusha mpaka ikome. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Mkanda wa suruali hautoshi peke yake, ni mgumu, haukazi vya kutosha. Mwandikie saa mkononi au kwenye paji la uso kwa kalamu, na asifungue mtu mpaka hospitali. Piga 114 kwa zimamoto, 112 kwa polisi. Usimpakie mshikaki mwenye mguu uliovunjika kama kuna bajaji au pikapu karibu.

*Mimi ni muuguzi, naishi Gungu. Tuliitwa semina ya maafa siku tatu, tukaangalia slaidi, tukapewa vyeti. Hakuna nilichoshika kwa mkono. Nifanyeje?*

Pole mwanangu, hiyo naijua. Nunua paja la mbuzi buchani, lipasue kwa kisu shimo la kina cha kidole, mwite mwenzako wa zamu, jazeni bendeji humo mpaka mikono izoee inavyokataa kuingia. Nyama mtaiosha na kuipika. Kisha mwandikie mganga mfawidhi barua fupi ueleze kwamba mlifundishwa kwa slaidi na mnaomba siku moja ya vitendo. Usiogope barua hiyo. Manchester, Uingereza, tarehe 22 Mei 2017, watu 22 waliuawa kwa bomu ukumbini, na zimamoto walichukua zaidi ya saa mbili kufika mlangoni. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefanya zoezi kubwa, kasoro za mawasiliano zikaonekana, hazikurekebishwa. Jaji mstaafu Sir John Saunders aliyeongoza uchunguzi aliona kwamba yupo aliyekufa kwa kuvuja damu ambaye huenda angepona. Ukilisoma hilo hutaona aibu kumsumbua mkubwa wako kwa barua.

*Nafundisha shule ya msingi Ujiji. Nawaambia nini watoto kuhusu milipuko bila kuwatisha?*

Waambie jambo moja, uliigize darasani kama mchezo. Nairobi, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, magaidi waliposhambulia ubalozi wa Marekani, watu wengi maofisini walisikia kishindo kidogo kwanza wakaenda dirishani kutazama. Bomu kubwa likafuata, vioo vikawaingia machoni, wengi wakapofuka. Siku hiyohiyo Dar es Salaam tulipoteza watu 11 kwa shambulio kama hilo. Basi piga ubao kwa ufito, pa! Atakayegeuka kutazama dirishani ametoka mchezoni. Waliolala chini, mbali na vioo, mikono kichwani, wanabaki.