Bayonetta bila sauti ni nusu ya Bayonetta

Ingia banda lolote la gemu Sinza au Mbagala siku ambayo mtu ameweka Bayonetta, gemu ya mapigano ya Kijapani yenye jina la mhusika wake mkuu, utakuta mjadala wa aina moja. Pedi anayo mmoja, watu sita au saba wako mgongoni kwake, spika ya jirani inapiga singeli, na sauti ya runinga imezimwa ili wasigombane na spika. Kwenye kioo yuko mwanamke mrefu kupita kawaida, miwani usoni, nguo nyeusi imembana, anatembea kwa madaha utadhani njia ameijenga yeye. Dakika ya pili hukumu imeshatoka. Mmoja anasema "huyu ndiye mwanamke", mwingine "kicheche tu huyu", wa tatu hasemi kitu ila kiti chake kimesogea mbele.

Hakuna kati yao aliyeona kisichokuwepo. Ila wote wamehukumu bila kusikia na bila kushika pedi, na kwa mhusika huyu vitu hivyo viwili ndiyo sehemu kubwa ya habari. Kama unataka kuandika mapitio yake, kurekodi video ya uchambuzi, au kuendesha mjadala ambao hautaishia kwenye matusi, anzia hapo.

Sauti kwanza. Bayonetta ni mtu wa mipasho. Aliyekulia Dar ya miaka ya 1990, enzi za ushindani wa taarab kati ya TOT na Muungano, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, hahitaji kuelezwa maana yake: mwanamke anasimama mbele ya watu amejipamba, anajua wanamtazama, na silaha yake ni ulimi. Sasa chukua video ya mpasho, zima sauti, mwoneshe mtu asiyeijua taarab. Atakwambia ameona kiuno. Ndivyo Bayonetta anavyofika kwenye mabanda yetu mengi, kiuno bila ulimi. Kila anapomwinamia adui au kumpungia kidole kuna kejeli inayoandamana na kitendo, na kejeli hiyo ndiyo inayoonesha kwamba anayechezewa akili hapo ni adui.

Kwa hiyo tafuta spika ndogo au vaeni hedifoni kwa zamu, na uwashe maandishi ya chini kwenye mipangilio. Gemu ya kwanza ilipotoka mwaka 2009 ilikuwa na sauti za Kiingereza peke yake, hata huko Japani ilikotengenezwa. Za Kijapani ziliongezwa baadaye. Hellena Taylor ndiye sauti yake katika gemu mbili za mwanzo, Jennifer Hale katika ya tatu. Unapowatafsiria wenzako, usitafsiri neno kwa neno, maana kejeli ikitafsiriwa hivyo hufa mdomoni. Uliza: dada wa Magomeni angemrushiaje mwenzake maneno haya akiwa anatandaza kanga? Sema hivyo.

Na upo ushahidi ndani ya mitambo ya gemu yenyewe. Kuna kitufe cha kudhihaki. Ukikibonyeza anajinyoosha, anaringa, anatupa neno, na maadui wanapandwa na hasira na kuja kwa nguvu zaidi. Yaani maringo yake yana gharama na wewe mwenye pedi ndiye unayelipa. Mtazamaji wa nyuma anaona pozi. Mchezaji anajua amejitakia kipigo.

Sasa pedi. Usimwombe mtu maoni kabla hajacheza angalau nusu saa, tena kwenye kiwango cha kawaida. Kwenye viwango rahisi kuna pambo la kumvalisha linalokufanyia kazi, unabonyeza kitufe kimoja na mambo yanatokea yenyewe. Mtu akicheza hivyo ataona maonesho ya mavazi na kelele za moto, kisha ataniambia gemu ni ya kutazama wanawake. Nusu saa ya kwanza mfundishe mambo mawili tu.

La kwanza ni kukwepa. Kwenye PlayStation ni R2. Ukikwepa mapema, hupati kitu. Ukikwepa dakika ya mwisho kabisa, pigo likiwa limeshakaribia mwili, muda unapungua kasi kwa wote isipokuwa yeye, na hapo unapiga utakavyo. Gemu nzima imesimama juu ya jambo hilo: kumruhusu adui akaribie mpaka aamini amekupata. Mchezaji mpya hukosea kwa sababu ya woga, anabonyeza R2 mfululizo kama anaua mbu. Mwambie asitazame Bayonetta, atazame mkono wa adui. Na hapo kuna jambo linalochekesha: anayeijua gemu hii anatumia muda mchache sana kumtazama yule mwanamke ambaye inasemwa kila kitu kimetengenezwa atazamwe.

La pili ni nywele. Bonyeza pembetatu, duara, pembetatu. Ngumi, teke, ngumi. Katika ile ngumi ya mwisho duara la uchawi linafunguka na ngumi kubwa ya nywele inatoka. Hiyo nguo nyeusi aliyovaa ni nywele zake mwenyewe. Akizitumia kupigana, mwilini zinapungua. Akiita jini kubwa la kummaliza bosi, yaani adui mkubwa wa hatua, karibu zote zinakwenda huko na yeye anabaki na ukanda wa hapa na pale. Kisha zinarudi. Kwa maneno mengine, anakuwa nusu uchi pale anapokuwa hatari zaidi, na hakuna anayemvua isipokuwa yeye.

Je, ni wazo zuri la kisanaa au ni kisingizio cha wanaume wa ofisini kuchora walichotaka? Mimi nasema vyote viwili, na anayekulazimisha kuchagua kimoja hajatazama vizuri. Ukiwa unacheza, mwendo wake ni wake na wako. Likija tukio la sinema, pedi umeiweka pajani, kamera inateremka na kupita sehemu ambazo hakuna sababu ya hadithi ya kupita. Hapo si Bayonetta anayejionesha. Ni mtu mwingine anayemwonesha. Usifunike jambo hilo kwa sababu tu unampenda.

Ukilishika hilo, mijadala mingi inafunguka. Mwaka 2009, wakati wa kuitangaza gemu, pale stesheni ya Shinjuku, Tokyo, ulibandikwa ukuta wa tangazo lenye picha yake iliyofunikwa kwa vipeperushi. Wapita njia walikuwa wanavibandua kimoja kimoja, na kadiri walivyobandua ndivyo alivyobaki mtupu. Linganisha na zile nywele. Mwili uleule, uchi uleule, lakini kwenye gemu anajivua mwenyewe apige, kwenye ukuta anavuliwa na abiria wanaowahi treni. Mashabiki wengi wanaogombana kuhusu Bayonetta wanagombana bila kujua kwamba mmoja anaongelea gemu na mwingine anaongelea tangazo.

Pwani hatuna haja ya kufundishwa tofauti hiyo. Unyagoni mwari anafundishwa kuujua mwili wake na kutumia kiuno bila aibu, na kungwi anayefundisha huheshimika. Lakini mlango umefungwa na wanaume wako nje. Kinachobadilisha maana ya kile kiuno ni nani aliye chumbani. Ndiyo maana wapo wanawake wanaomcheka Bayonetta kicheko cha kumkubali, "huyu kafundwa", na haohao wakiona kijana anasogeza kiti mbele wananyamaza au wanaondoka.

Kosa jingine la kawaida ni kupima kwa vitambaa: nguo nyingi heshima, nguo chache dharau. Lara Croft wa gemu ya Tomb Raider ya mwaka 2013 alivalishwa suruali ndefu, kaptula ya mwaka 1996 ikaachwa, na watu wakapongeza. Lakini gemu hiyohiyo inamtazama kwa karibu akilia, akiguna na kuchomwa na vyuma, na ukishindwa kwenye mto unaoneshwa akitobolewa shingo. Nguo zimeongezeka, jicho la kamera ni lilelile. Upande wa pili kuna Quiet, mwanamke wa gemu ya Metal Gear Solid V, mwaka 2015. Naye hadithi inatoa sababu ya mavazi yake: anapumua kwa ngozi. Ila karibu gemu nzima hasemi, na ukiwa ndani ya helikopta anajinyoosha mbele ya kamera kama pambo kwenye kabati la vioo. Bayonetta na Quiet wote wana kisingizio cha hadithi. Mmoja ana ulimi na kitufe cha dharau, mwingine hana.

Kuhusu kuwauliza mashabiki wanamwonaje. Usiulize "unamwonaje Bayonetta?" mbele ya banda zima. Kijana mbele ya wenzake anajibu wenzake. Dada aliyeko mmoja kati ya wavulana tisa atasema "kawaida tu", na wewe utaandika kwamba wanawake hawana maoni. Waulize mmojammoja, baada ya kucheza, pedi ikiwa bado mkononi. Uliza mambo yenye jibu la kuonekana: ulipokuwa unapigana ulikuwa unatazama wapi? Kuna tukio ulitamani mama yako asiingie? Ni yeye aliyelifanya au ni kamera? Ungependa kuwa yeye, au kuwa naye? Swali hilo la mwisho linaleta kicheko, lakini linatenganisha watu haraka kuliko yote. Utakuta wanaume wanaotaka kuwa yeye na wanaona haya kusema.

Utakutana pia na watu ambao mwili hauwahusu kabisa. Wao wanataka medali ya platinamu safi, ile ya juu kabisa, katika kila pambano, wanajua ukimlisha pipi ya kurudisha damu alama zinashuka, na watakueleza kwamba ukishikilia kitufe cha pigo huku unakwepa, mfululizo wa mapigo hauvunjiki. Usiwapuuze. Wao ndio wanaomfahamu kwa vidole. Waulize kwa nini hawahamii gemu nyingine ya mapigano na uwaache waongee. Mara nyingi baada ya maelezo marefu ya fremu na vitufe litatoka neno "anajiamini".

Mashine nayo inabadilisha maoni, na hili wachambuzi hulisahau. PS3 ya mtumba kutoka Kariakoo itaendesha gemu ya kwanza, lakini toleo hilo ni dhaifu kuliko la Xbox 360: picha zinakwama, na ule ukwepaji wa dakika ya mwisho unakuwa wa kubahatisha. Hata jarida la Famitsu la Japani, lililoipa ya Xbox 360 alama 40 kwa 40, liliipa ya PS3 38. Ukitaka watu wahisi ubingwa wake, tafuta toleo la PS4 la mwaka 2020, la Switch, au la kompyuta. Mtu anayepigwa kwa sababu ya mashine haoni mwanamke anayejiamini. Anaona mwanamke anayeringa halafu anadundwa.

Kwa Dar kuna jambo lingine, na usipolitarajia litakumalizia mjadala kabla haujaanza. Mapema kabisa Bayonetta yuko makaburini amevaa kama mtawa, anasoma dua ya maziko, na wanaoshuka kupigana naye ni malaika. Yeye ni mchawi. Neno hilo kwetu lina uzito ambao Mjapani aliyeandika hadithi hakuufikiria. Mchawi wa Kiswahili hana miwani mizuri na bastola nne, mbili mikononi na mbili visiginoni, ana jirani aliyekufa. Utakuta Mkristo na Mwislamu waliokuwa wanabishana kuhusu mapaja wamekubaliana ghafla kwamba gemu ni ya kishetani. Sema mapema, kabla ya kuwasha, kwamba maadui watafanana na malaika na kwamba mtawa ni mavazi ya kujificha. Anayeona haimfai aondoke kwa heshima. Ukingoja mpaka wajionee, utatumia saa nzima kuijadili dini na hutarudi kwenye mwili wala kamera.

Na ile hoja ya "mbona aliyemchora ni mwanamke?" Ni kweli, Mari Shimazaki ndiye aliyebuni sura yake, chini ya mwongozaji Hideki Kamiya, ambaye ndiye aliyeng'ang'ania miwani. Itaje, lakini usiitumie kama kadi ya kufungia mchezo. Shimazaki hakushika kamera ya kila tukio wala hakubandika vipeperushi Shinjuku.

Gemu ya tatu, ya Oktoba 2022, ina mpangilio wa kumfunika zaidi, kwa hiyo kama kuna wadogo ukumbini anza na hiyo na uuwashe kabla hawajaingia. Ila usioneshe mwisho wake siku ya kwanza. Mashabiki wengi, hasa waliokuwa wanaona ukaribu wake na Jeanne, mchawi mwenzake, kuwa ndio moyo wa hadithi, walichukizwa na jinsi alivyosukumwa kwa Luka, yule mwandishi wa habari ambaye Bayonetta amekuwa akimchezea tangu mwanzo kama paka na panya. Ukiuonesha mapema, watu watajadili ndoa. Kama hakuna wadogo, weka kwanza lile pambano la mwanzo la gemu ya kwanza, juu ya mnara wa saa unaoporomoka, spika imewashwa, na umpe pedi yule aliyekaa nyuma kabisa.