Umepangiwa JKT na afya imebadilika? Cheti cha daktari peke yake hakitoshi

Majina ya vijana wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yakishatoka, simu yangu haipumziki. Safari hii wa kwanza alikuwa binamu yangu wa Tabata. Mwanawe kamaliza kidato cha sita, kapangiwa kambi ya mbali, na kabla hata ya kununua bukta bodaboda ikamvunja mguu. "Kaka, daktari kashaandika apumzike. Si ndiyo basi tena?"

Siyo basi. Nasema hivyo kwa sababu nilikwenda jeshini na goti bovu. Niliumia kwenye mpira wakati wa kungoja kuripoti, daktari wa mifupa akanipiga marufuku kukimbia na kuruka, na nyumbani kila mtu akaona mambo yameishia hapo. Nikaenda hivyo hivyo, nikamaliza, cheti ninacho.

Watu wanachanganya makundi mawili. Kijana anayeomba JKT kwa kujitolea anatakiwa awe na afya njema na akili timamu tangu mlangoni, kwa hiyo mwili ukikataa, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Wewe wa mujibu wa sheria hukuomba. Umeitwa kwa sababu umemaliza kidato cha sita. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 1994, ukarudishwa 2013, ndiyo maana wajomba wengi waliosoma kati ya miaka hiyo watakushauri kwa kubahatisha tu. Anayeitwa kwa sheria akiumwa, jina lake halijifuti lenyewe kwenye orodha. Mara nyingi kinachobadilika ni kazi atakayopewa akifika. Na anayeamua hilo ni daktari wa kambini, wala si daktari wako wa mtaani, wala si mama.

Kwa hiyo kazi yako kabla ya kusafiri ni moja: kumpa huyo daktari wa kambini karatasi anayoweza kuifanyia kazi. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Barua yangu ya kwanza, kutoka hospitali moja hapa mjini, ilikuwa na mstari mmoja, "apumzike", na mhuri mkubwa kuliko maandishi. Apumzike nini? Kulala kitandani? Kutokubeba ndoo? Mpaka lini? Nikarudi. Daktari aliniangalia juu ya miwani.

"Sasa unataka niandike nini?"

"Naomba uandike nisichoweza kufanya, dokta, halafu uandike na ninachoweza."

Akacheka, lakini akaandika. Hakuna kukimbia, kuruka wala kuchuchumaa kwa muda mrefu. Kutembea ruksa. Kusimama ruksa, ila si kwa saa nzima mfululizo. Kazi za mikono, sawa. Akaweka tarehe ya kurudi kliniki na majina ya dawa. Karatasi ile ndiyo iliyonibeba miezi yote mitatu. Jina la ugonjwa linamwambia daktari una nini, lakini halimwambii akupange wapi kesho alfajiri wenzako wakianza mchakamchaka.

Kama tatizo ni la kibingwa, barua itoke kwa bingwa. Kwa sisi wa Dar hatuna kisingizio: mifupa ipo MOI pale Muhimbili, moyo upo Taasisi ya Jakaya Kikwete, na hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Lugalo nayo, ingawa ni hospitali ya jeshi, inapokea raia. Beba na picha za eksirei, usibebe maneno matupu. Toa nakala mbili au tatu, ya asili ikae kwako.

Wenye ulemavu wa kuonekana wana maelekezo yao. Matangazo ya JKT yamekuwa yakiwataka waripoti Ruvu, kule Mlandizi, kwa sababu kambi ile ina miundombinu ya kuwahudumia. Mguu wenye plasta ni jambo jingine, kwa hiyo usijihamishie Ruvu kwa akili yako kwa sababu tu ni karibu na nyumbani.

Ukishafika, utajifunza maneno mawili haraka: MI room na ED. MI room ni zahanati ya kambi. ED ni ile ruhusa ya kutofanya kazi ngumu. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba ED inakutoa kwenye mbio, haikutoi jeshini. Folini, kwenye mistari ya kuhesabiwa, utasimama, darasani utaingia, hanga (bweni la kambini) utafagia, na jikoni watakukumbuka sana. Nimechambua maharage mpaka nikawa nayaota. Tena ED ina tarehe. Ikiisha hujaihuisha, afande wa zamu hana habari na goti lako, na hana sababu ya kukuamini: kila kombania, yaani kikosi cha vijana kambini, ina wadojaji wanaochechemea asubuhi na kucheza mpira jioni.

Mimi karatasi yangu niliifunga kwenye nailoni, nikaitia mfukoni, nikalala nayo. Jasho na umande vinafuta wino. Afande mpya akija na kunyoosha kidole, sikubishana, nilisimama wima nikasema "Afande, nina ED", nikaitoa. Ukianza kujieleza kwa hadithi ndefu ya mpira wa Tandika, utaruka kichura huku unaendelea kusimulia.

Wenzako watakusema, hilo nalo lipo. Utaitwa majina. Dawa niliyoiona mimi ni kutokwepa kile unachokiweza. Mtu wa ED aliye wa kwanza kwenye usafi hasemwi sana.

Sasa kuna upande wa pili, na huu unanitisha zaidi: wanaoficha. Mdogo wangu ana pumu. Ilikuwa imelala miaka, ikarudi alipokuwa kidato cha sita. Mama akasema asitaje, wakijua watamrudisha nyumbani, iwe aibu. Tukabishana jikoni mpaka chai ikapoa. Kijana amezaliwa Kigamboni, amepangiwa Mafinga, mwezi wa sita! Baridi ya alfajiri kule, vumbi, na mbio juu yake. Pumu haihitaji mwaliko mwingine. Mwishowe alikwenda na barua, na pampu zote mbili: ya kuzuia, ambayo anavuta kila siku hata akijisikia mzima, na ya kutuliza, ambayo haikai kwenye sanduku hangani, anakuwa nayo popote alipo. Akamwonyesha na jirani yake wa kitanda jinsi ya kumsaidia ikimbana.

Mwenye selimundu naye asidanganyike. Baridi, kukosa maji na kuchoka kupita kiasi ndivyo vitu vinavyoamsha maumivu yake, na kambi ina vyote vitatu. Kifafa, moyo, kisukari: sema siku ya kwanza wanapoandikisha na kupima. Kusema siku umeanguka ni kuchelewa.

Na afya ikibadilika kuelekea kupona, usirudi kwenye mbio kwa sababu umechoka kuchekwa. Nenda MI room, omba upangiwe hatua kwa hatua: kutembea kwanza, halafu mbio fupi za polepole. Kwangu ilichukua muda, na gwaride la kufunga mafunzo nililitazama pembeni nikiwa napanga viti vya wageni. Iliniuma kidogo, sikatai.

Na yule ambaye hawezi kusafiri kabisa, amelazwa au yuko kwenye matibabu yasiyokatika? Asinyamaze mpaka tarehe ya kuripoti ipite. Mzazi aandike barua kwa mkuu wa kambi aliyopangiwa, aambatanishe barua ya hospitali, ieleze muda unaotarajiwa wa matibabu. Makao makuu ya JKT yako Chamwino, Dodoma, lakini kwa aliye Dar, kuuliza Mgulani, Barabara ya Kilwa, ni nauli ya daladala tu. Popote mtakapoipeleka, ombeni nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, muitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule.