Pumzi ya mgonjwa na vivimbe vidogo vya ini: kwa mnaoanza kwenye chumba cha MRI

Wadogo zangu mnaoanza zamu kwenye MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku, mtaletewa fomu nyingi za magoti na migongo kabla hamjaletewa ya ini. Siku itakapofika itakuwa na maneno machache tu: saratani ya utumbo mpana, ameshapasuliwa, angalia kama imesambaa kwenye ini. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini kabla ya kurudi moyoni, ndiyo maana seli za saratani hiyo hupenda kutua hapo. Daktari wa upasuaji anataka kujua vivimbe ni vingapi na vimekaa sehemu zipi, kwa sababu vikiwa vichache mara nyingi vinaweza kukatwa. Kimoja cha milimita 6 kikitupita, mgonjwa atachanwa tumbo na kushonwa, na saratani itabaki ndani.

Miaka yangu ya mwanzo nilimpokea mzee mmoja aliyekuja kwa basi kutoka mbali. Uvimbe wake wa asili ulikuwa wa zile aina zinazonywa damu ya ateri, kwa hiyo picha iliyohitajika zaidi ni ile ya sekunde kama 30 hadi 35 baada ya kuchoma dawa ya kontrasti, ile inayofanya mishipa na vivimbe vionekane wazi; ndiyo tunaiita awamu ya ateri. Foleni ilikuwa ndefu, nikamlaza haraka, nikamvalisha vizibo vya masikio, nikamwambia atafuata maelekezo yangu ya kwenye spika. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na mimi sikuligundua hilo. Nilipomwambia azuie pumzi, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaivuta. Picha ile ikatoka ina mawimbi, haisomeki. Dawa ikishaingia mwilini huwezi kuirudisha ukaanza upya, ikabidi apangiwe siku nyingine, na nauli ya safari ya pili walichangishana watoto wake. Kosa lile lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Tangu hapo simlazi mtu kabla hatujafanya mazoezi ya pumzi tukiwa tumekaa, ana kwa ana. "Vuta pumzi. Toa. Usipumue." Mara tatu, kwa lugha anayoielewa, na kama kuna ndugu wa kutafsiri namwita wafundishwe wote wawili. Tunazuia pumzi ikiwa imetoka, kwa kuwa hapo ini hurudi karibu mahali palepale kila mara, wakati pumzi ya ndani mtu huivuta kubwa leo na ndogo kesho. Namhesabia sekunde. Akifika 18, vizuri. Akiishia 12, nabadilisha vipimo vya picha kabla sijaanza: napunguza ukali wake ili imalizike ndani ya hizo 12. Picha isiyo kali lakini iliyotulia humsaidia daktari wa radiolojia kuliko picha kali iliyotikisika.

Kuhusu dawa ya kontrasti, vituo vingi vina gadolini ya kawaida tu. Wenye bahati wana asidi ya gadoksetiki, ambayo karibu nusu yake hunywewa na seli za ini na kutolewa kwenye nyongo. Ukisubiri dakika 20, ini zima huwaka jeupe, na kivimbe kilichosambaa, kwa vile hakina seli za ini, hubaki tundu jeusi. Dozi yake ni mililita 0.1 kwa kila kilo, yaani mililita 6 tu kwa mtu wa kilo 60. Ni kidogo, hupita kasi. Ichome taratibu, mililita 1 kwa sekunde, ifuatishe na maji ya chumvi. Jueni pia kwamba dawa hii huwavuruga baadhi ya wagonjwa pumzi kwa muda mfupi, tena katika awamu ileile ya ateri. Zile dakika 20 msikae bure, pigeni picha za T2 (ambazo maji hung'aa) na za difyusheni (zinazoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama). Picha za njia za nyongo ndizo ziwe zimeshapigwa mapema. Na kama mgonjwa ana manjano, ini litawaka hafifu hata mkisubiri.

Msiruke difyusheni, hata mkiwa mmechelewa. Ndani ya saratani seli zimebanana na maji hayatembei kwa uhuru. Kwenye thamani ya b (nguvu ya kipimo cha difyusheni) ya 50, damu iliyo kwenye mishipa huzimika ikawa nyeusi, na kivimbe kilichojificha kando ya mshipa kinajitokeza king'avu. Kwenye 800, vifuko vya maji hufifia na saratani inaendelea kung'aa. Hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani, nayo inaweza kuwadanganya kwa kung'aa, kwa hiyo tumeni ramani ya ADC (inayopima mwendo wa maji) na T2 pamoja. Sehemu ya kushoto ya ini, chini ya moyo, itazameni mara mbili: mapigo ya moyo huila picha hapo.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Jipu la amiba huzungukwa na pete inayowaka, na usaha wake hung'aa kwenye difyusheni kama saratani. Muulizeni mgonjwa: amekuwa na homa? Anaumwa upande wa kulia? Ana homa ya ini aina ya B? Ameanza tiba ya kemikali, na lini? Andikeni majibu kwenye fomu. Tiba ya kemikali inaweza kuacha mafuta kwenye ini, na vivimbe vikapotea machoni mwa CT skani huku seli hai zikiwa bado zipo. Ndiyo maana nawasihi madaktari wa wodini watuletee mgonjwa kabla ya dozi ya kwanza.

Mwenye maji mengi tumboni, kama mna mashine ya tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 na ya 3, mpelekeni kwenye 1.5, kwenye 3 picha huingia kiza katikati. Kifaa cha moyo, chuma machoni na mtungi wa oksijeni viulizwe mlangoni, kila mara. Figo zenye eGFR (kipimo cha kasi ya figo kuchuja damu) chini ya 30, ongeeni na daktari kabla ya kuchoma chochote.

Halafu akishuka kitandani atakuuliza, "Mwanangu, mmeona nini?" Utakuwa umeshayaona matundu meusi kwenye skrini. Usimdanganye kwamba hakuna kitu, wala usimtolee majibu mlangoni, maana kusoma picha si kazi yetu na jirani yake wa foleni anasikiliza. Mimi humshika mkono nikamwambia: "Mama, pumzi umezizuia vizuri sana, picha zimetoka safi. Daktari atazisoma leo, na mimi mwenyewe nitahakikisha zimemfikia." Kisha nakwenda kuhakikisha.