Maswali na majibu: Glee kwa macho ya sosholojia

Mwalimu, shikamoo. Tumepewa kazi ya kuitazama Glee kwa mitazamo mitatu: uamilifu, migogoro na mwingiliano wa kiishara. Nimemaliza msimu mzima na bado sijui pa kuanzia. (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma)

Marahaba. Weka nadharia kando kwanza, anza na kile kikombe. Kwa wasioijua, Glee ni tamthilia ya Marekani iliyorushwa na Fox tangu Mei 2009 hadi Machi 2015, kuhusu kwaya ya sekondari ya McKinley mjini Lima, jimbo la Ohio. Shuleni hapo anayedharauliwa humwagiwa usoni kinywaji cha barafu iliyosagwa, chenye rangi kali. Akishamwagiwa, korido nzima imeshajua nani yuko juu na nani yuko chini. Kikombe chenyewe hakina maana. Maana wamekipa wao, na huo ndio mwingiliano wa kiishara.

Rudia tukio moja la msimu wa kwanza. Finn, nyota wa timu ya mpira wa Kimarekani, ameingia kwaya na hadhi imeanza kumponyoka. Wenzake wanamtaka ammwagie Kurt, mwanakwaya mwenzake. Mkono unagoma. Kurt anakichukua kikombe, anajimwagia mwenyewe, kisha anamwachia Finn swali: kuna yeyote kwenye timu yako angekufanyia hivi? Ukilichambua tukio hilo vizuri, nusu ya insha umeshaipata.

Lakini si chumvi za waandishi tu hizo? Shule za kweli ziko hivyo? (Msomaji, Mombasa)

Barafu ya usoni ni chumvi, ngazi ya hadhi yenyewe si chumvi. Mwanasosholojia James Coleman alichunguza sekondari 10 za jimbo la Illinois na kutoa matokeo yake mwaka 1961. Aligundua kuwa kwa wavulana, uwanja wa michezo ulileta umaarufu kuliko alama za darasani.

Mtazamo wa migogoro sioni unaingia wapi. Wote si wanasoma shule moja ya serikali? (Mwanachuo, Morogoro)

Ndugu yangu, mtazamo huo huuliza nani ana mali na nguvu na nani hana, basi fuata pesa. Katika sehemu ya kwanza kabisa mkuu wa shule anamtaka Schuester, mwalimu wa kwaya, alipe dola 60 kwa mwezi ili kwaya iendelee. Msimu wa pili Kurt anatishiwa kuuawa na mwanafunzi mwenzake. Anahamia Dalton, shule binafsi isiyovumilia uonevu, na ada inatoka kwenye fedha ambazo baba yake na mke wake mpya walizitenga kwa fungate. Usalama wa mtoto, basi, unanunuliwa. Aliye shoga kama Kurt lakini hana baba mwenye gereji angekwenda wapi? Tamthilia haiulizi, uliza wewe.

Kisha mtazame Sam, mwanakwaya mwingine. Baba yake amepoteza kazi, nyumba imekwenda, familia inaishi chumba kimoja cha moteli. Wanafunzi wanamwona Kurt na msichana wa kwaya, Quinn, wakiingia na kutoka huko, wanaona Sam amevaa koti la Kurt, uvumi unawaka kuwa kuna mapenzi ya siri. Kumbe nguo alipewa, na Quinn alikuwa akimsaidia kuangalia wadogo zake. Umaskini wake haukumwingia mtu akilini. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye sosholojia nzito kuliko zote, ingawa inamalizika kirahisi mno: marafiki wanalikomboa gitaa lake alilouza, wimbo unaimbwa, na la nyumba linaachwa.

Uamilifu umepitwa na wakati, niuruke? (Yule yule wa Dodoma)

Usiuruke, mwanangu, utakatwa alama. Uamilifu huuliza kila sehemu ya jamii inafanya kazi gani ya kuishikilia jamii hiyo, hata sehemu inayoonekana adui. Chukua Sue Sylvester, kocha wa washangiliaji, hasimu wa kwaya usiku na mchana. Mwisho wa msimu wa kwanza kwaya imeshindwa mashindano na inatakiwa kuvunjwa. Anayemshawishi mkuu wa shule awape mwaka mwingine ni Sue huyo huyo! Mwanasosholojia Lewis Coser aliandika mwaka 1956 kwamba mgogoro unaweza kulishikamanisha kundi. Kwaya bila Sue ingekuwa na nini cha kuiunganisha?

Mimi naipenda kwa sababu ina kila aina ya watu. Mnaisifu kwa hilo? (Mama, Nairobi)

Nusu nusu, mama. Waliopo ni wengi, lakini kuwepo jukwaani si sawa na kushika maikrofoni. Mercedes, Mmarekani mweusi mwenye sauti kubwa kuliko wote, analalamika waziwazi kwamba Rachel, mwimbaji nyota wa kwaya, ndiye anayepewa nafasi. Artie yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini Kevin McHale aliyemwigiza hatumii kiti hicho maishani, na watu wenye ulemavu walilisema hilo wakati ule ule. Hapo anayechunguzwa ni kampuni ya televisheni, si McKinley tena. Chagua sehemu yoyote, shika kalamu, andika nani anaimba peke yake na nani anaitikia nyuma. Ukimaliza niandikie, nitachapisha hesabu yako.