Upepo wa ubavuni unanitenga na kundi

SWALI: Kwenye mbio za baiskeli za kilomita 80 naenda sawa na kundi, lakini upepo ukipiga kutoka ubavuni naachwa, ingawa nimeng'ang'ania gurudumu la aliye mbele yangu. Nakosea wapi? – Msomaji, Naivasha

JIBU: Kinga ya upepo imehama, wewe hujahama nayo. Upepo ukitoka kulia, kinga iko nyuma kidogo, upande wa kushoto wa aliye mbele. Ndiyo maana kundi hujipanga mshazari hadi ukingo wa lami. Mbio nyingi za ridhaa huacha barabara wazi kwa magari, kwa hiyo mna upande mmoja tu, unaotosha watu wanne au watano. Anayefuata hana pa kujikinga. Hubaki ukingoni akipigwa na upepo mzima, na hapo ndipo ulipo wewe.

Dawa ni kuwahi. Soma nyasi na bendera, na kilomita 2 kabla ya kona itakayowaingiza kwenye upepo wa ubavuni uwe ndani ya kumi wa kwanza. Teremsha gia moja kabla ya kukata kona, kwa sababu walio mbele wataongeza kasi papo hapo.

Ukichelewa, usifukuze peke yako! Waite walio karibu muunde mshazari wa pili. Zamu ziwe fupi, sekunde 15 hivi, na ukimaliza jitoe kuelekea upepo unakotoka. Ukijitoa upande wa pili utawagonga wanaokuja. Gurudumu lako la mbele litakuwa sambamba na la nyuma la mwenzako, hivyo acha nafasi ya kiwiko: mkigusana, anayeanguka kwa kawaida ni wa nyuma.