Maji Yameingia, Ufunguo Uko Muheza

Usiku ule hata si mvua iliyoniamsha. Mvua ya masika sisi wa Tanga tumezaliwa nayo, ikinyesha ndiyo usingizi unanoga. Niliamshwa na ndoo tupu iliyokuwa inagonga mguu wa kitanda, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu. Nikashusha mguu kutafuta ndala. Ndala hazipo. Zilikuwa zinaelea karibu na mlango.

Tulikuwa tumepanga Makorora, upande wa bondeni, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo uani. Mimi, mume wangu, watoto wawili, na bibi yangu mzaa mama ambaye miguu ilishamgomea. Jambo la kwanza nililofanya naona haya kulisema, lakini nitalisema: nilinyanyua televisheni. Nimesimama juu ya kitanda nimeikumbatia kama mtoto mchanga, na bibi chumba cha pili anauliza, "We mama, mbona huko mnakimbizana, kuna nini?"

Mume wangu ndiye aliyeona hatari yenyewe. Taa ya ukumbini inawaka, friji ya jirani inanguruma, na ekstensheni yetu iko sakafuni, maji yanaikaribia. Kazime umeme! Swichi kuu iko ndani ya sanduku la mita kibarazani, sanduku lina kufuli, ufunguo anao mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakaa Muheza. Tukampigia. Hapatikani. Saa tisa na ushei usiku, nani angepatikana?

Aliyetuokoa ni fundi baiskeli wa chumba cha mbele. Baraza ilikuwa juu, bado kavu, akapanda benchi la mbao akalivunja kufuli kwa nyundo. Angekuta baraza nayo imelowa, nisingemwacha aguse. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia watu: leo hii, mchana, kabla hujamaliza kusoma, nenda kaone swichi kuu ya nyumba yako iko wapi na ufunguo anao nani. Maji yakishafika mahali ambapo lazima usimame ili uizime, iache. Toa watu nje, usiguse soketi wala kitu kilichochomekwa.

Usiku ule nilijifunza kwamba maji yakiingia, akili inatoka. Hufikiri. Unafanya kile ambacho mikono ilishazoea, au unafanya upumbavu, kama mimi na televisheni yangu. Kwa hiyo maswali ya usiku lazima yaulizwe mchana, tena kiangazi, watu wameshiba.

Mfano, nani anambeba bibi? Kwetu hilo halikuwa limeulizwa. Sisi wazima wote tulikimbilia watoto. Mdogo alitolewa nje, akarudishwa ndani na mtu mwingine kufuata mdoli wake, akatolewa tena. Bibi amekaa kitandani anatutazama. Mpaka leo akikasirika ananikumbusha: "Mimi nilingoja zamu."

Siku hizi kila mmoja ana mtu wake. Mimi na mdogo, baba na mkubwa, na bibi ana kijana wa jirani, dereva bajaji. Tulimwomba rasmi, na bibi mwenyewe ndiye aliyemchagua baada ya kuwakagua vijana wawili. "Huyu ana mgongo," akasema, "yule mwingine ataniangusha." Usicheke. Kama nyumbani una mzee, mgonjwa au mtu asiyeona, muulize yeye angependa kubebwa vipi na nani. Ndiye anayejua nyonga ipi inauma.

Na mnakwenda wapi? "Tutaona huko huko" si mahali. Sisi tuna kwa shangazi, ambako ni juu, na njia ikifungwa tuna madrasa ya mtaa wa pili. Watoto wanapajua kwa miguu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna aliyenifundisha isipokuwa mzee mmoja mvuvi wa Sahare. Nilipomsimulia mkasa wetu hakuniuliza mvua ilikuwa kubwa kiasi gani. Aliniuliza, "Mwezi ulikuwa wa ngapi?" Tukahesabu: tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Akatikisa kichwa. "Bamvua hiyo, mwanangu. Ulitaka maji yaende wapi?"

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu bahari inakuwa na bamvua, inajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, inacheza kidogo tu. Siku za bamvua pwani yetu bahari hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Mifereji ya mji humwaga baharini, sasa mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mfereji unabaki na maji yake mdomoni, na wa bondeni ndio wanaoyapokea. Tangu siku hiyo, masika ikianza naangalia kalenda ya Kiislamu kwa jicho la pili. Mwezi 14 hadi 17, na siku za mwanzo wa mwezi, wingu likiwa zito hatulali na kitu sakafuni. Wazee wetu wanayajua haya. Sisi wenye simu ndio tumeyasahau.

Lakini msinielewe vibaya, simu nayo ina kazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa madaraja matatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Watu huyachanganya. Nikisikia angalizo, nasafisha mfereji wa mbele na kujaza madumu ya maji ya kunywa. Ikiwa tahadhari, bibi anahamia kwa shangazi kabla ya jioni, na wavuvi wa familia nawapigia wasitoke. Ikifika tahadhari kubwa hatubishani, tunaondoka.

Kuna wanaosema wale wanatutisha tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotangazwa na Tanga ikatajwa, mtaani kwetu ilikuwa kicheko kilipopita bila kutufanya kitu cha maana. Kilitua Mafia tarehe 4, na huko kusini barabara ya Lindi ikakatika Somanga. Kucheka kwa sababu kimekwenda kwa jirani, mimi hilo silielewi. Halafu Hidaya ilikuja zikiwa zimebaki siku nne mwezi uandame, bahari haijafika kwenye bamvua. Mzee wa Sahare hakucheka.

Na wenye ndugu Korogwe na Pangani, msitazame wingu la juu yenu tu. Mto Pangani unachota maji mbali, Kilimanjaro na Meru. Kwenu jua linaweza kuwaka huku mto unapanda.

Ndoo, sasa. Tuna ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza, iko juu ya kabati. Ndani kuna dawa za presha za bibi za wiki moja (zinabadilishwa kila akichukua mpya, zisije zikapitwa na muda), tochi, simu ya kitochi iliyochajiwa, kiberiti ndani ya mfuko wa nailoni, khanga mbili, na pesa taslimu noti ndogondogo. Pesa ya kwenye simu ni nzuri mpaka mtandao unapokata. Kuna pia karatasi yenye namba za ndugu, kwa kalamu ya risasi, maana wino unayeyuka. Jiulize kama unaikumbuka namba ya mumeo kwa kichwa. Mimi sikuwa naikumbuka.

Vyeti vimo humo humo. Cheti cha kidato cha nne cha mume wangu kililowa usiku ule, tukakianika kwenye kamba ya nguo kama soksi, na muhuri ukawa doa la buluu. Kupata mbadala ni safari, ada na subira. Piga picha vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki na mkataba wa nyumba, umtumie ndugu anayekaa mji mwingine.

Maji yakishatoka ndipo maradhi yanapoingia, kwa sababu choo cha shimo kikijaa kinatoka na kuwasalimia. Maji ya kunywa yatokote kweli kweli. Unga uliolowa tupa, hata mama mkwe akinung'unika. Wangu alinung'unika siku tatu. Mtu akianza kuhara, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati.

Na maji yanayokimbia msiyavuke. Yakifika magotini tu yanamwangusha mwanamume mzima, seuze bodaboda yenye abiria wawili na gunia. Zimamoto ni 114, polisi 112. Hata hivyo, dakika ya kwanza aliyekuwepo kwetu alikuwa fundi baiskeli. Mjue aliye chumba cha mbele.

Tumehamia Mikanjuni sasa. Mwenye nyumba mpya nilipomwomba nakala ya ufunguo wa sanduku la mita aliniuliza kama nataka kuiba umeme. Nikamsimulia yote, pamoja na televisheni. Siku ya tatu akaja nao mwenyewe, umefungwa kamba ya katani. Unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa ukumbini, na mwanangu wa miaka minane anajua ni wa nini.